Shimo la Saba

Chai ilimshinda Namkunda Mbwambo asubuhi ile. Aliiacha ikapoa mezani, akasimama, akakaa, akasimama tena, mwisho akatoka nje kwenda kuyaangalia mashimo kwa mara ya mwisho kabla ya saa nne. Saa nne ndipo angetia saini. Saini moja tu, na kiwanda kule bondeni kingeanza kusambaza matenki ya maji kwa vijiji mia sita vya nyanda kavu. Kwa mwezi mzima alikuwa anaingoja siku hiyo, na sasa imefika anajikuta hana raha nayo. Kwa nini, hakujua.

Mashimo yenyewe yalikuwa kumi, yamepangwa nyuma ya maabara kandokando ya shamba la mkonge. Katika kila shimo kilifukiwa kipande cha plastiki, kikachimbuliwa, kikapimwa, kikarudishwa ardhini. Siku hizo ilikuwa lazima. Sheria ya Marejeo ilitaka kila chombo cha plastiki, kuanzia kijiko hadi tenki, kikishafukiwa kirudi kuwa udongo chenyewe ndani ya masika mawili. Watu hawakuitunga sheria ile kwa kukosa kazi. Bibi yake Namkunda aliwahi kuchinja mbuzi akakuta tumboni mifuko ishirini na tatu, akaizika mifuko, na miaka arobaini baadaye wajukuu wakaifukua na maandishi yakiwa bado yanasomeka.

Lakini chombo kinachotii sheria kilikuwa na tabia yake. Kilivunjika. Vijidudu vya maabara vililishwa maji ya mkonge vikatengeneza plastiki safi, nyeupe, ngumu, ila ukiigonga vibaya inapasuka kama biskuti. Ndoo haikumaliza mwaka. Ndoo si kitu, utapata nyingine. Tenki ndilo lenye shughuli. Miaka mitatu nyuma tenki la kijiji cha Mkomwe lilipasuka asubuhi kweupe, watu wakiwa kwenye foleni, na lita elfu kumi zikamshukia Nambua, dada yake Namkunda, aliyekuwa wa kwanza kwenye bomba. Jamani, maji yanaua. Anayebisha hajawahi kuyaona yakianguka yote kwa pamoja.

Tangu msiba ule Namkunda hakutulia. Alifika kwenye mashimo sasa akiwa ameshika simu ya kupigia picha, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mama Eliamani, mhudumu wa kituo kile cha utafiti, mwanamke wa mlimani aliyebakiza miezi michache astaafu. Mama Eliamani alikuwa ameinama juu ya shimo la nne na karai mkononi, anatawanya kitu cha kijivu taratibu kama anayelisha kuku.

Namkunda alimwamkia, akaitikiwa. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, ni nini kile.

"Majivu, mwanangu. Ya jikoni."

"Ya nini?"

"Ya shimo. Shimo utalifukiaje bila majivu? Hata mgomba ukiupanda bila majivu unakutazama tu."

Namkunda aliiteremsha simu. Aliuliza hayo majivu yameanza kuwekwa lini, na Mama Eliamani akajibu bila wasiwasi wowote kwamba yameanza na shimo la kwanza, toka mwaka jana, kila Jumatatu. Mashimo yote. Yote isipokuwa lile la saba, maana lile lilichimbwa mwezi aliofiwa na mumewe, na aliporudi kutoka msibani alikuta limeshafukiwa na kupimwa, akaona aliache kama lilivyo.

Shimo la saba. Mashimo tisa yalikuwa yamekula plastiki ya Namkunda kwa siku sabini, ikabaki unga. La saba halikula kitu. Na nani alikaa mezani akaandika kwa mkono wake kwamba udongo wa shimo la saba haukuwa na vijidudu vya kutosha, kwa hiyo matokeo yake yameondolewa? Yeye. Wenzake watatu walisoma wakaitikia kwa kichwa wakaendelea na chai. Mtu akipata tisa katika kumi, nani anataka kusikia habari za lile la kumi.

Alichukua jembe, akalichimba shimo lile. Mama Eliamani alitaka kumsaidia akakatazwa, akabaki amesimama na karai lake tupu, ameanza kuelewa kwamba kuna jambo. Kipande kilitoka chini kizima. Namkunda alikifuta kwa upindo wa kanga aliyojifunga juu ya suruali. Kona zake zilikuwa kali kama siku kilipokatwa, na namba iliyochongwa pembeni ilisomeka vizuri kabisa.

*

Plastiki ile iliitwa N-12 kwenye karatasi za kituo, na hakuna aliyewahi kumuuliza Namkunda hiyo N ni ya nini. Siri yake ilikuwa kwenye kuunganisha. Plastiki yoyote ni minyororo mirefu mno, myembamba isiyoonekana kwa macho. Mnyororo wa pete ngumu tupu unatoa kitu kigumu kinachopasuka. Ukichanganya pete ngumu na laini ovyoovyo, unapata kitu cha kulegea kama unga wa maandazi. Namkunda alizipanga kwa mafungu ndani ya mnyororo mmoja: fungu refu la pete ngumu, fungu fupi la laini, fungu gumu tena. Yale mafungu laini yalikusanyika yenyewe yakawa matone madogo katikati ya ugumu, na pigo likija, matone yalinywea na kulimeza. Tenki la N-12 waliliangusha kutoka ghorofa ya tatu likiwa limejaa. Liliruka, likatulia. Siku ile Namkunda alilia mbele ya watu na hakuona aibu.

Pale fungu gumu linaposhikana na fungu laini aliweka kiungo maalumu, kiungo ambacho vijidudu vya ardhini vingekijua na kukikata. Ndivyo alivyoamini. Ndivyo mashimo tisa yalivyosema.

Sasa alichota majivu ya jikoni, akayaloweka, akayachuja. Maji yake yalikuwa na utelezi kwenye vidole, magadi kabisa. Alitumbukiza ndani yake kipande kipya cha N-12, akapasha moto ili kuharakisha miezi iwe dakika. Kingine akakiweka kwenye maji matupu yenye joto lilelile, kisha akaanza kuzunguka meza. Alizunguka hadi kijana wa mashine akamwomba akae, na hakukaa. Baada ya saa moja na nusu walivibana vipande kwenye mashine ya kuvuta. Kile cha maji matupu kilinyooka, kikanyooka, kikagoma kukatika. Kile cha majivu kilikatika kabla mashine haijaanza kunguruma sawasawa.

Basi vijidudu havikuwa na habari na kiungo chake. Majivu ndiyo yaliyokuwa yanakikata. Walikuwa wameipima N-12 kwa jua, kwa chumvi, kwa mvua, kwa kinyesi cha ng'ombe, kwa sabuni za aina saba. Hakuna hata mmoja aliyeandika majivu kwenye orodha. Na wote pale maabara, kuanzia dokta hadi mlinzi, walikulia nyumba ambazo sufuria husuguliwa kwa majivu. Kitu unachokiona kila siku hukioni.

Ndipo wazo la pili lilipomfika. Kule Mkomwe, juu ya mnara wa mawe palepale lilipokuwa lile lililomuua Nambua, lilikuwa limekaa tenki la kwanza la majaribio, miezi minane sasa. Msimamizi wake, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa mama yake mzazi. Na mama yake alikuwa mwanamke gani? Alikuwa mwanamke ambaye sufuria zake ungeweza kujitazamia.

Alipiga simu. Mtandao wa mlimani ulikuwa unakatika na kurudi, lakini mama alipatikana, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Maji ya mlimani yalikuwa yamefunguliwa jana baada ya wiki tatu, tenki limejaa hadi shingoni, foleni ya watu arobaini ipo chini yake. Namkunda alimkatiza akamuuliza tenki wanalisafisha kwa nini. Mama alicheka. Kwa nini tena, kwa majivu na gunzi, kila Ijumaa, ndiyo maana linang'aa.

"Mama, halina tatizo lolote? Halijabadilika?"

"Linatoa jasho kidogo huku chini, jasho la baridi tu. Tenki lako lina afya kuliko mimi."

Namkunda alimwambia awaondoe watu. Alilisema mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa, na hakujua kama lilisikika, kwa sababu simu ilikuwa imekata. Alipiga tena, na tena, na tena.

*

Funguo za gari la kituo zilikuwa kwa Dokta Senkondo, mkuu wa kituo, na Dokta Senkondo alikuwa ofisini na karatasi ya saini imenyooshwa mezani. Saa nne ilikuwa imeshapita. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu mbaya ungemwambia maneno mawili ukaondoka. Huyu alikuwa amebeba jeneza la Nambua begani, mbele, upande wa kulia.

Alisikiliza yote bila kumkatiza. Akasukuma funguo upande wake palepale, akamwambia aende, awaondoe watu, alitoe lile tenki. Kisha akaweka kiganja juu ya karatasi.

Alisema kwa upole kwamba vijiji mia sita bado vina matenki ya biskuti. Kutafuta kiungo kipya ni miaka miwili, na miaka miwili ina masika mangapi, na foleni ngapi, na akina Nambua wangapi? Dawa ipo na wote wawili wanaijua: lile fungu laini likibadilishwa kidogo tu, kazi ya wiki tatu, majivu hayatakigusa kiungo tena. Tenki litakuwa gumu na salama milele.

"Na halitaoza," Namkunda alisema.

"Halitaoza."

"Na karatasi itasema linaoza."

"Karatasi itasema mashimo tisa, na ni kweli yalioza. Nani atafukua, Namkunda? Hawa watu wako hai leo."

Sitakudanganya kwamba aliruka kwa hasira. Alitaka kusaini. Aliitaka saini ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na kalamu aliishika, akaiweka ncha yake juu ya mstari. Alimwona Nambua na ndoo yake. Aliona matenki mia sita mazima, watu mia sita wanaorudi nyumbani. Kisha akakumbuka kwamba mwaka jana pia alikuwa na sababu nzuri, alipolifuta shimo la saba. Sababu ile ndiyo iliyopanda mnarani Mkomwe ikakaa juu ya kichwa cha mama yake.

Wakubwa walisema la kuvunda halina ubani, na hili lilikuwa limevunda kwa kukataa kuvunda. Aliweka kalamu chini. Akachukua funguo, na baada ya kusita kidogo akachukua na ile karatasi, akaikunja akaitia mfukoni. Dokta Senkondo hakumzuia. Alimwuliza tu atawaambia nini watu wa vijiji mia sita, na yeye akasema hajui.

*

Mama Eliamani aliingia garini bila kuitwa. Gari lilipanda mlima kimya, linavuta umeme wake, na Namkunda ndiye aliyeendesha. Kila kona alijaribu simu. Kila kona haikupatikana. Walipopita kona ya mwisho ya mkonge na kuanza migomba, Mama Eliamani aliuliza swali alilokuwa nalo tangu shimoni.

"Nitafukuzwa?"

"Hapana. Wewe ulifanya kazi yako kama unavyoijua. Mimi ndiye niliyeona shimo moja linasema kweli nikalifuta."

Mama Eliamani alitafakari, akasema kwamba hata hivyo angeulizwa angesema. Hakuna aliyemuuliza. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Namkunda alilimeza.

Mkomwe waliikuta nzima. Namkunda alishukuru kwa sauti, hata hajazima gari. Tenki lilikuwa juu ya mnara wake, jeupe, linang'aa kweli, na foleni ilikuwa palepale. Mama alikuwa amesikia nusu ya maneno yake, ile nusu ya mwisho, akawasogeza watu hatua tano pembeni kwa heshima ya mtoto wake msomi, kisha wakarudi mmoja mmoja maana kiu haijui hatua tano.

Watu wa kule walimwita mama yake Mama Nambua, hata sasa. Namkunda alimwamkia, akamwomba watu wote watoke chini ya mnara na koki kubwa ya kusafishia ifunguliwe, maji yote yatoke. Yote. Koki ile ilimwaga kwenye mfereji uendao ndiva, bwawa la mababu ambalo siku hizo lilikuwa na nyufa na halikushika maji zaidi ya siku moja.

Mama Nambua alimtazama bintiye kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Maji ya wiki tatu," alisema. "Nimwage mbele ya watu hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu gani? Tenki ni lako. Ulisema hata nyundo hailipasui."

"Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

Namkunda aliwaambia. Aliwaambia wote, kwa sauti, kwamba majivu yanalila tenki, kwamba yeye alitakiwa kujua na alikuwa na shimo zima lililomwambia, akalifuta kwa sababu lilimharibia hesabu. Hakutumia neno hata moja la maabara. Mzee mmoja kwenye foleni aliguna. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliuliza kama basi angalau wajaze ndoo zao kwanza, na ombi hilo lilikuwa la haki, na Namkunda akalikataa, kwa sababu bomba la kuchotea lilikuwa palepale aliposimama Nambua. Walianza kulalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Mama Nambua aliwageukia, akanyoosha mkono mara moja tu, na watu arobaini wakarudi nyuma hadi kwenye migomba. Kisha Namkunda akaenda peke yake chini ya mnara. Koki ilikuwa ngumu. Aliizungusha kwa mikono miwili, hathubutu kutazama juu, na maji yakatoka kwa kishindo yakaingia mferejini. Kukimbia alitaka. Alibaki pale akiishikilia, kwa sababu ukiiachia ilikuwa inajirudi, na ilichukua karibu nusu saa.

Hakuna kilichopasuka. Maji yalipungua, yakawa uzi, yakaisha, na tenki likabaki limesimama zima juani mbele ya watu wenye ndoo tupu. Ingekuwa afadhali lingepasuka. Alisikia mtu nyuma akisema hilohilo alilokuwa analiogopa, kwamba wamemwagiwa maji bure.

Alipanda ngazi ya mnara. Mama yake alipanda nyuma yake, na magoti yake mabovu, bila kuombwa. Walipofika upande ule wa jasho Namkunda aliweka kidole gumba kwenye ukuta wa tenki, chini, karibu na sakafu, akabonyeza kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni. Kidole kiliingia. Kiliingia chote, bila sauti, kikatokea ndani.

Watu chini walikiona. Yule mzee aliyeguna alivua kofia.

Mama Nambua alilitazama lile tundu muda mrefu. Kisha akaitazama mikono yake, kiganja kimoja baada ya kingine.

"Kila Ijumaa," alisema. "Nilikuwa nalisugua kwa ajili ya dada yako. Nilisema hili lisipate hata doa."

Namkunda alimshika ile mikono. Alilia, mama hakulia. Alimwambia mikono haina kosa, na mama akajibu kwamba hajauliza kosa ni la nani, anauliza watakunywa kwenye nini. Swali hilo ndilo lile la Dokta Senkondo, na bado hakuwa na jibu lake. Alichokuwa nacho ni karatasi. Aliitoa mfukoni, akaikunjua juu ya jiwe la mnara, na pale palipoandikwa mashimo tisa akaongeza mstari kwa mkono: shimo la saba, bila majivu, siku mia tatu na kumi, halikuoza. Chini yake akatia saini. Miaka miwili, basi. Angeanza kesho, na angeanza kwa kuwauliza akina Mama Eliamani.

Waliposhuka, foleni ilikuwa imeshageuka. Watu walikuwa wanateremka kwenye mfereji kuchota yaliyobaki kabla ndiva haijayanywa, na Mama Eliamani alikuwa katikati yao na karai lake, anawachotea wengine. Namkunda alipewa ndoo, moja ya zile za biskuti, akaikamata kwa chini kama kila mtu alivyozoea kuzikamata. Ilikuwa na tope. Mama yake aliipokea ili aisugue kwanza, akainama kwenye kopo la majivu lililokaa daima chini ya mnara, akajaza kiganja.

Akasita hapo, mkono hewani, majivu yanapukutika kidogokidogo kati ya vidole.

"Haya niyaweke wapi sasa, Namkunda?"

"Sijui, mama," alisema. "Yashike kwanza."

Na mama yake akayashika.